Naomba ushauri: nimejitenga chumbani kwa korona, mwanangu analia mlangoni na mama yangu hajui kama naumwa

Nyota ya Jioni

Wakuu, salamu kwenu. Naandika nikiwa kitandani, mlango umefungwa, leo ni siku ya tano tangu homa inianze. Majibu yalitoka juzi, nina korona. Namshukuru Mungu sijazidiwa: homa, kikohozi, mwili kuuma, na harufu sisikii kabisa. Ila kinachonimaliza ni kingine.

Nina mume na watoto wawili. Mkubwa ni binti wa miaka 11, huyo anaelewa. Mdogo ana miaka minne. Kila asubuhi anakuja mlangoni, analala kifudifudi sakafuni, anapitisha vidole kwenye uwazi wa chini ya mlango na kuniambia, "Mama, nipe mkono." Siwezi kumpa. Najifunika shuka nisimsikie, kisha naumia kwa kufanya hivyo. Tumejaribu simu ya video. Dakika ya kwanza anatazama, ya pili anabonyezabonyeza kioo, ya tatu kilio kinaanza upya.

Halafu kuna mama yangu. Ana miaka 74, yuko mbali, anaishi na dada yangu mkubwa. Masikio yake yamepungua nguvu na simu yake ni kitochi. Nikimpigia, nusu ya ninachosema hakipati. Napaza sauti, kikohozi kinapanda, ananiuliza, "Mwanangu, unakohoa?" Namjibu ni vumbi. Dada anasema tusimwambie, presha itampanda. Jana sikumpigia kabisa, na tangu baba afariki haijawahi kupita siku sijampigia mama.

Kundi la familia la WhatsApp nalo nimelizima sauti. Ni meseji za kusambazwa kutwa nzima, za kutisha na za dawa za kila aina. Nikifungua natoka nimechoka kuliko nilivyoingia.

Waliopitia haya, mlifanyaje? Nataka kubaki mtu wa familia yangu hata nikiwa nyuma ya mlango.

Mzee wa Busara

Pole sana binti. Kuhusu mama, dada yako yuko sahihi. Mzee wa umri huo usimbebeshe mzigo. Pona kwanza, mengine utamsimulia baadaye.

Muuguzi wa Zamu

Dada pole, na Mungu akuponye. Mimi niko wodi ya wagonjwa wa korona tangu Aprili, kwa hiyo Mzee wangu hapo juu aniwie radhi, nitapingana naye.

Kwanza ujue muda wenyewe, maana anayesubiri bila kujua mwisho huchoka haraka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwezi Mei mwaka 2020 ulisema mwenye dalili ajitenge siku 10 tangu dalili zianze, kisha aongeze angalau siku 3 ambazo hana dalili tena, yaani homa na dalili za njia ya hewa ziwe zimekwisha. Hapo ni siku 13 kama mambo yakienda vizuri. Homa ikichelewa kutoka, na siku zinasogea. Kwa hiyo watoto usiwaahidi tarehe.

Pili, simu yako ya kila siku ni kipimo. Mtu anayekusikia saa ileile kila siku ndiye atakayekuwa wa kwanza kugundua pumzi yako imebadilika. Mume wako akisikia unakata sentensi katikati ili upumue, asingoje kesho. Kupumua kwa shida, kifua kuuma au kubana, kushindwa kuongea au kujongea: hapo unapiga simu ya huduma ya afya muda uleule. Nimepokea wagonjwa waliokuwa wakituma "naendelea vizuri" kwa maandishi siku tatu mfululizo. Maandishi hayana pumzi. Piga simu, au tuma sauti.

Tatu, mama. Kuna siku niliwahi kumpigia mama mmoja wa makamo yake kumweleza hali ya mwanawe. Alikuwa hajui hata kama mwanawe anaumwa, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza kumwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wote walikuwa wanajua?" Swali lile bado ninalo. Mwambie leo, wewe mwenyewe, wakati bado una sauti yako na hali yako ni nzuri. Dada yako akae karibu naye, na kama mama anatumia dawa za presha ahakikishe amemeza za siku hiyo. Ukimwambia hivyo atapata habari ya kuumwa na ushahidi wa kuwa u mzima kwa wakati mmoja.

Fundi Mawimbi

Nizungumzie masikio, maana ndiyo kazi yangu kwa namna fulani.

Uzeeni zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba, zile za juu. Hizo ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na k. Ndiyo maana mzee hukwambia, "Nakusikia ila sikuelewi." Ukipaza sauti unaongeza mngurumo wa irabu tu, zile herufi bado hazifiki. Juu ya hapo, simu ya kawaida kwa mfumo wa zamani hupitisha sauti za kati ya takriban hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 300 na 3,400 pekee, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile nyembamba simu yenyewe imeshazikata kabla hazijafika kwake.

Dada yako ana simu janja? Kama anayo, mpigie mama kwa intaneti kupitia simu hiyo. Sauti huwa pana zaidi, na kwa video mama atausoma mdomo wako bila hata kujijua kama anausoma. Ila kaa uso ukielekea dirishani. Wengi hukaa dirisha likiwa mgongoni, uso unakuwa kivuli kitupu, mzee haoni mdomo. Simu iegemeze kwenye vitabu iwe usawa wa macho, usiishike. Ongea taratibu, sauti ya chini kidogo, sentensi fupi. Asipokuelewa usirudie neno lilelile, tafuta jingine lenye maana hiyohiyo. Na huko aliko wazime redio.

Bando likiwa dogo, tuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Atausikiliza hata mara tano, na hakuna mtu wa kumwona anarudia.

Baba Pacha

Kuhusu mdogo. Mimi nilijitenga siku 14 baada ya kukaa karibu na mgonjwa, nina mapacha wa umri huohuo. Mtoto wa miaka minne haongei kwenye simu, anafanya. Ukimuuliza "umeshindaje?" hana cha kukujibu. Mpe kazi.

Tuliyofanya sisi: mama yao anaweka simu kabatini, kamera ikitazama chumba, wao wanajificha na mimi nawatafuta kwa macho tu. "Naona kisigino nyuma ya pazia!" Dakika ishirini hakuna anayelia. Nyingine, mimi nachora kichwa cha mnyama kwenye karatasi, nawaonyesha kwenye video, wao wanachora miguu. Na kila usiku nilirekodi hadithi ya dakika nne, wanasikiliza taa ikiwa imezimwa.

Ule mlango usimkataze, maana ni wake pia. Sisi tulikuwa na kugonga: yeye akigonga mara tatu, nami nagonga mara tatu. Mkono humpi ila jibu anapata papo hapo. Kinachomuumiza, kwa nilivyoona kwa wangu, ni kuita na kukuta kimya.

Lakini dada, umeandika kwamba mkubwa anaelewa. Mwangalie sana huyo anayeelewa. Amekuuliza nini mpaka sasa?

Mzee wa Busara

Muuguzi, nimekusoma. Mimi mwenyewe nina miaka 68, na kwa kweli nisingependa kuwa wa mwisho kujua habari za mwanangu. Nimefuta kauli.

Kipepeo

Samahani kuingia kwenye uzi wa mtu. Mimi naishi peke yangu na huu ni mwezi wa tatu nafanya kazi nyumbani. Sina mtu wa kugonga mlango. Familia yangu hunipigia wote Jumapili, kisha Jumatatu hadi Jumamosi kimya. Nilipowaomba wagawane siku, kila mmoja na yake, ndipo nikaanza kulala usingizi. Kaka yangu Alhamisi hana la kusema, ananipigia akiwa anaosha vyombo, anaweka spika, nasikia maji tu na sahani. Hiyo ndiyo simu ninayoisubiri kuliko zote. Mambo ya kuelezana yasiwatishe jamani, si lazima yawepo.

Mwalimu Mstaafu

Machi 20, 2020 Dk. Maria Van Kerkhove wa Shirika la Afya Duniani alieleza kwamba wameanza kusema umbali wa kimwili badala ya umbali wa kijamii, kwa sababu walitaka watu waendelee kuwa na mawasiliano. Nililipenda hilo.

Kuhusu kundi: usijitoe, wala usianze kubishana na kila ujumbe. Shirika hilohilo limeshasema hakuna ushahidi kwamba kitunguu saumu kinamkinga mtu na korona. Sema hivyo mara moja kwa heshima, basi. Kisha fungua kundi dogo la watu sita au saba walio karibu nawe, na sharti liwe moja: kilichosambazwa hakiingii, kinaingia ulichokiona au kukisema mwenyewe. WhatsApp inawapokea wote hao kwenye simu moja ya pamoja, wanatosha. Zoom ya bure kwa kundi hukatika dakika ya 40, nasi kwetu tumeiona kuwa baraka kwa wagonjwa, wanaaga bila kuonekana wamechoka.

Na huyo binti wa miaka 11 msimulie habari za mwezini. Neil Armstrong na wenzake waliporudi Julai 1969 waliwekwa karantini ya siku 21, na wake zao walikuja kuwaona kupitia dirisha la trela walimofungiwa. Armstrong alitimiza miaka 39 akiwa humohumo karantini. Atapenda kujua hivyo.

Nyota ya Jioni

Nimerudi. Leo ni siku ya tisa, homa imeshuka tangu jana.

Baba Pacha, swali lako lilinikosesha raha usiku ule. Binti yangu alikuwa hajaniuliza chochote. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikamwambia aniulize anachotaka, aandike, apitishe chini ya mlango. Ilikuja karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Maswali yalikuwa mawili. La kwanza: "Utakufa?" La pili: "Nikikuuliza, utaniambia kweli au utaniambia kama unavyomwambia Bibi?"

Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Nikamjibu kwa maandishi, ukweli wote, pamoja na dalili ambazo Baba yake anazisikiliza kila jioni. Kisha nikampigia dada, nikamwambia naongea na mama leo.

Nilikaa dirishani kama Fundi alivyoelekeza, simu kwenye vitabu vitatu. Mama akanitazama, kabla sijafungua mdomo akasema, "Vumbi gani lile la siku zote hizi?" Alikuwa anajua. Alikasirika kweli, akamgeukia na dada, tukanyamaza wote wawili tukasemwa kama watoto. Presha haikupanda. Akauliza nimekula nini, akauliza watoto wanalala na nani, halafu akaweka amri: kila siku saa 12 jioni, kwenye simu ya dada, na nikichelewa aambiwe kwa nini.

Sasa saa hiyo ndiyo yetu sote. Mume wangu anaweka simu ya pili sakafuni nje ya mlango, watoto wanakaa hapo, mama anawasimulia hadithi, mimi nasikia kwa simu na kwa mlango kwa pamoja. Mdogo anagonga mara tatu mama akifika mahali pa kutisha, nami nagonga. Vidole bado anapitisha asubuhi, ila siku hizi anaviingiza na karatasi ya miguu ya mnyama.

Lililobaki: dada atasafiri wiki ijayo, ataondoka na simu yake. Mama atabaki na kitochi na binamu yangu. Nifanyeje saa 12 isivunjike?

Fundi Mawimbi

Hongera sana kwa hatua hiyo. Kitochi nacho kinaunganisha watu kama mtandao wenu unaruhusu. Mpigie mama, akipokea ingia kwenye machaguo, muweke kwenye kusubiri, piga namba ya mume wako, akipokea chagua kuunganisha. Mtakuwa watatu kwenye laini moja. Jaribuni kesho dada akiwa bado yupo, ili kikigoma awepo wa kusaidia. Na mwambie binamu simu ya mama isishikwe, iwekwe mezani kwenye spika, upande wa sikio lake linalosikia vizuri. Ni lipi?

Nyota ya Jioni

La kushoto. Tunajaribu kesho.