Naomba ushauri: vipande vya msimbo (code) mnavitunza wapi?

Fundi_Ziwani: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza tovuti za wateja wadogo, maduka na nyumba za kulala wageni, kwa PHP na JavaScript, pamoja na skripti za Bash kwenye seva. Kila nikipata kipande kinachofanya kazi nakitupia popote: vingine nimejitumia WhatsApp, vingine viko Word, vingine vimezikwa kwenye miradi ya zamani.

Juzi nilihitaji kile cha kusawazisha namba za simu, mtu akiandika 0712 au +255712 ziingie kwenye databesi kwa mtindo mmoja. Nikakitoa Word, nikakibandika, ukurasa ukawa mweupe. Nimehangaika saa mbili, kumbe Word ilishageuza alama za kunukuu zikawa zile zilizopinda na PHP haizielewi. Mteja nilimwahidi kumaliza kabla ya saa sita. Iliniuma sana. Wenzangu mnafanyaje?

Dada_Seva: Pole sana kaka. Vitoe vyote Word leo leo, viweke kwenye faili za maandishi matupu. Mimi nina folda moja, ndani yake php, js, bash na sql, yote iko kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, na nakala ya faragha ipo mtandaoni, GitHub. Leptopu ikiibiwa sipotezi kitu. Kutafuta ni `grep -rin simu .` basi.

Ila folda peke yake haitoshi. Juu ya kila kipande andika kinafanya nini, ulikijaribu kwenye toleo gani, na kinakwama wapi. Cha kwangu cha namba hiki hapa:

```
// Hurudisha 255XXXXXXXXX. PHP 8.2.
// Kinakwama: +255 0712... hutoa tarakimu 13
$n = preg_replace('/\D/', '', $n);
$n = preg_replace('/^0/', '255', $n);
```

Mstari wa kwanza wa msimbo unafuta kila kisicho tarakimu, wa pili unabadilisha sifuri ya mwanzo tu. Ukishamaliza kagua urefu, lazima ziwe tarakimu 12. Bila lile neno "kinakwama" ningeshasahau na kuumia upya.

Kijana_Tanga: Vile vya kila siku mimi naviweka kwenye VS Code yenyewe, programu ninayoandikia msimbo. Naandika simu255, nabonyeza Tab, kinatokea.

Mzee_Terminal: Vijana, kabla hujapandisha chochote GitHub, pitia kama kuna nywila ndani. Git haisahau: ukiifuta leo, kwenye historia bado ipo, kwa hiyo badilisha nywila yenyewe. Na ukikutana na mysql_query, ile amri ya zamani ya PHP ya kuuliza databesi, tupa, iliondolewa tangu PHP 7.0 mwaka 2015. Andika upya kwa PDO, njia nyingine ya PHP ya kuongea na databesi.

Fundi_Ziwani: Asanteni sana wakuu. Vile nilivyonakili Stack Overflow, ile tovuti ya maswali na majibu ya msimbo, je?

Dada_Seva: Bandika kiungo cha jibu juu yake. Leseni yao inataka umtaje mwandishi, na wewe mwenyewe utarudi kusoma maoni ya chini, mara nyingi marekebisho yako huko.

Fundi_Ziwani: Nimeanza kuhamisha. Mzee, skripti yangu ya bekapu ina nywila ya databesi ya mteja waziwazi kabisa. Naibadilisha usiku huu.

Mzee_Terminal: Hiyo mpya iweke kwenye ~/.my.cnf, faili la mipangilio ya MySQL, kisha chmod 600 ili wewe tu uweze kulisoma. mysqldump, ile amri ya kutoa bekapu ya databesi, itaisoma yenyewe, na skripti utaitunza bila wasiwasi.