MREJESHO: Ile kompyuta ya babu iliyokuwa stoo Kibosho

Wakuu, habari za siku. Niliuliza kuhusu kompyuta nzito ya marehemu babu, aliyeitumia kwenye hesabu za kahawa, na kwa nini flopi zake (diski laini za kuhifadhia data) hazisomeki kwenye mashine nyingine yoyote. Jibu limepatikana.

Jumamosi niliipeleka kwa fundi wa redio Mbuyuni, Moshi mjini. Tulipofuta vumbi mbele, maandishi yakaonekana: Sirius 1. Ndani tukakuta prosesa (chipu kuu inayoendesha kompyuta) ya Intel 8088, sawa na ya IBM PC ya mwaka 1981. Hapo ndipo nilipokuwa napotea, nikidhani hizo mbili ni ndugu. Siyo. Sirius ilibuniwa na timu ya Chuck Peddle, yule aliyeongoza kazi ya prosesa ya 6502, iliyotumika kwenye kompyuta nyingi za nyumbani za zamani, na Uingereza iliuzwa na kampuni ya ACT ya Birmingham.

Sasa kuhusu flopi, na hapa mzee Peddle namvulia kofia. Mota ya diraivu yake (kifaa cha kusomea flopi) hubadili mwendo: kichwa cha kusomea kikiwa ukingoni mwa diski, ambako mzingo ni mrefu, inazunguka polepole ili data nyingi zaidi ziingie. Upande mmoja wa flopi ulibeba takriban kilobaiti (KB) 600, wakati IBM PC ya kwanza iliweka KB 160. Kompyuta ya kawaida yenye diraivu ya mwendo mmoja haiwezi kuzisoma.

Bado hatujaiwasha. Fundi anapima kwanza kapasita (vifaa vinavyotunza chaji ya umeme) za pawa saplai. Flopi zina mwandiko wa babu, "Msimu 1984", nimezifunga kwenye kitambaa kikavu. Asanteni sana mlionishauri nisiitupe.