DAKIKA NNE! Hata chipsi mayai haiivi dakika nne

Mzabibu Mchungu:
Wakuu naandika huku mikono inatetemeka. Lile duka la apu mnalijua, silitaji maana hata nikilitaja halina habari na mimi, leo limenifanyia kitu ambacho mwenye nyumba wangu wa Nkuhungu hajawahi, na yule hudai kodi saa 11 alfajiri.

Miezi minane natengeneza apu ya bei ya zabibu, mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anacheki kilo inakwendaje kabla dalali hajamliza, basi, hakuna kingine. Dola 25 zao nimelipa. Wakasema akaunti mpya ya mtu binafsi lazima utafute watu 12 waijaribu siku 14 mfululizo, haya nikatafuta, mama mkwe yumo, bodaboda wawili wa Majengo wamo, fundi cherehani mmoja ambaye mpaka leo anajua ni upatu, bando lao wote nanunua mimi, siku ya tisa mama mkwe kaifuta eti inajaza simu nikapanda daladala mpaka Kikuyu kumwekea upya.

Siku 14 zimeisha, leo akaunti imefungwa. Eti "ina uhusiano na akaunti nyingine iliyofungiwa". Uhusiano gani, mimi hata na dada zangu hatuongei! Nikakata rufaa, maelezo kama barua ya posa, na kitambulisho cha NIDA juu. Nimetuma saa 3:12 usiku. Saa 3:16 jibu hilo, "tumeichunguza rufaa yako kwa makini". DAKIKA NNE. KWA MAKINI. Nina majina matano ya Kigogo, kuyasoma tu dakika nne hazitoshi!!!

Kibaigwa Mahindi:
Nimekaa siti ya mbele. Zabibu si ndo mvinyo mkuu, wamedhani unauzia watoto pombe 😂

Mzabibu Mchungu:
Sawa, wadhani, ila wadhani kwa dakika nne?

Fundi Sabasaba:
Shukuru wamekutoa kabla hujaanza kuuza. Ukiuza kitu ndani ya apu wanakata asilimia 15, ukivuka dola milioni 1 kwa mwaka kinachozidi wanakata 30, na mteja wako ana M-Pesa hana kadi. Wale wa gemu ya Fortnite 2020 waliweka njia yao ya malipo wakatolewa madukani siku hiyohiyo, wakaenda mahakamani na mawakili wao. Wewe utaenda wapi, mahakama ya mwanzo Chamwino?

Baba Wawili:
si uwatumie faili la apu lenyewe (APK) wasap tu, kelele za nini

Mzabibu Mchungu:
Nilimtumia mzee mmoja wa Hombolo, simu ikamwandikia faili hili linaweza kuleta madhara. Akanipigia kuuliza kama siku hizi nimejiunga na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Binti UDOM:
Una nafuu kaka. Duka la pili, la simu za wenye hela, ni dola 99 KILA MWAKA, na kompyuta ununue ya kwao pia. Mimi niliishia kuuza vitumbua hosteli, faida ipo.

Mgogo Halisi:
Swali langu, zile apu za mikopo zinazotukana ukoo mzima ukichelewa siku moja zilipitaje hapo dukani? Benki Kuu (BoT) 2024 walitangaza apu 69 hazina leseni. Zile zilichunguzwa dakika ngapi?

Kibaigwa Mahindi:
Usinikumbushe. Walimpigia baba mkwe wangu yuko msibani, kisa elfu ishirini.

Baba Wawili:
mimi walimpigia shehe

Fundi Sabasaba:
😂😂😂 shehe akasemaje

Baba Wawili:
akalipa. sasa namkwepa hata Ijumaa

Mzabibu Mchungu:
Jamani turudi kwenye mada, dakika nne wakuu

Mama Chipsi Nyerere Square:
Mada hiyo naijua, na umedanganya watu. Chipsi mayai inaiva dakika nne vizuri tu, viazi unakuwa umeshavikaanga, mafuta yamechemka, mayai mawili, unageuza, tayari. Njoo uweke saa.

Binti UDOM:
Mama kachumbari unaweka bure au unachaji?

Mama Chipsi Nyerere Square:
Bure mwanangu. Pilipili ndo uombe.