Nyumba ya Kibokoni (kundi la familia): viti vya ndege vya Mwanaisha na watoto

Mwanaisha (saa 2:10 usiku)
Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Bibi, shikamoo Ami Salim, shikamoo Shangazi Rukia. Tiketi zetu zimetoka leo, alhamdulillahi. Tunaondoka tarehe 20 Juni, Mombasa hadi Nairobi jioni, kisha Nairobi hadi London usiku huo huo, na kurudi ni tarehe 30 Agosti. Baba yao hataweza kuandamana nasi kwa sababu ya kazi, kwa hiyo nitakuwa peke yangu na Salma, ambaye ana miaka mitano, na Nasri, ambaye nitampakata. Nauliza hapa kwa sababu tangu nilipolipa sina raha: je, tutakalishwa pamoja, na wakati wa kupanda nitangulie ama nisubiri watu wapungue?

Bibi Fatma (saa 2:14 usiku)
Wa alaykumus salaam. Marahaba mjukuu wangu. Mtoto wa miaka mitano atakalishwa wapi kama si ubavuni mwa mamake? Hilo nalo ni la kuuliza?

Shangazi Rukia (saa 2:22 usiku)
Mama, hilo ni la kuuliza sana. Mwaka ule niliporudi kutoka Dubai na binti yangu, naye alikuwa na umri wa Salma hivi, tulifika kaunta tukapewa kadi mbili za kupandia, nami sikuzitazama mpaka tukawa ndani. Kiti changu kilikuwa mbele ya bawa, chake kilikuwa safu kumi na moja nyuma, katikati ya wanaume wawili, mmoja wao ameshalala na kofia usoni. Mtoto alikaa pale ameshika biskuti yake bila kuila, ananitazama. Mhudumu akaniambia kwamba aliyelipia kiti chake halazimishwi kuhama, na kwamba nijaribu kuwaomba watu mwenyewe. Nilisimama njiani kuomba huku abiria wakinipita na mizigo, mpaka mama mmoja wa Kisomali, Mungu amjaze kheri, akaninyanyukia. Shirika lenyewe silitaji, maana yaliyopita yamepita, lakini kadi sasa huzisoma pale pale kaunta kabla sijabandua mguu.

Ami Salim (saa 2:31 usiku)
Marahaba Mwanaisha. Kabla hatujafika kwenye viti, nijibu jambo moja: Nasri anatimiza miaka miwili lini?

Mwanaisha (saa 2:32 usiku)
Tarehe 14 Agosti, Ami. Tutakuwa kule kule kwa dada.

Ami Salim (saa 2:45 usiku)
Basi tiketi yako ina kasoro, na afadhali tumeiona leo. Mtoto wa kupakatwa ni yule ambaye hajatimiza miaka miwili, na umri huo huhesabiwa siku ya kusafiri, si siku ya kununua tiketi. Mkienda atakuwa na miezi 22, hapo hakuna neno. Mkirudi atakuwa ameipita miaka miwili kwa siku 16, na shirika litamtaka awe na kiti chake na nauli yake. Aliyekuuzia tiketi amemwandika mtoto wa kupakatwa kwenda na kurudi, bila shaka kwa sababu hakutazama tarehe ya kuzaliwa, au aliitazama asihesabu. Katika miaka yangu ya kazi pale Uwanja wa Ndege wa Moi nimewaona kina mama wakiambiwa habari hii kaunta, ndege imejaa, na kiti kilichobaki kinauzwa kwa bei ya siku hiyo. Kesho asubuhi mpigie wakala wako, umwambie aongeze kiti cha mtoto katika safari ya kurudi, na akiweke ndani ya tiketi hiyo hiyo mliyo nayo, yaani chini ya ile nambari moja ya herufi na tarakimu sita. Wakikukatia tiketi ya pembeni, kompyuta haitajua kwamba huyo ni mwanao, itamwona ni abiria wa miaka miwili anayesafiri peke yake.

Mwanaisha (saa 2:48 usiku)
Subhanallah. Nami nilikuwa nikijipongeza kwamba nauli yake ilikuwa kama sehemu moja ya kumi tu.

Ami Salim (saa 2:50 usiku)
Kwa kwenda itabaki hiyo hiyo. Kwa kurudi utalipa nauli ya mtoto. Ni chungu, lakini safari ya usiku kucha ukiwa na mtoto wa kilo 12 mapajani ni chungu zaidi.

Kaka Idarus (saa 3:05 usiku)
Shikamooni wazee wote. Huku Columbus bado ni mchana, nami niko kazini, ila nimeona niandike. Alilosema Ami la nambari moja ni kweli tupu, kwa kuwa sisi tuliwahi kununua tiketi ya mtoto baadaye tukatenganishwa. Huku Marekani jambo hili la familia kukalishwa mbalimbali limelalamikiwa mpaka serikali ikaingia. Mwaka wa 2024 Wizara ya Uchukuzi ilipendekeza kanuni ya kuyakataza mashirika kutoza pesa ili mtoto wa miaka 13 au chini yake akae karibu na mzazi. Hilo lilikuwa pendekezo tu, lakini baadhi ya mashirika yalikuwa yameshaahidi yenyewe. Liko na shirika la Southwest, ambalo kwa zaidi ya miaka hamsini halikuwa likigawa viti kabisa: mtu aliingia kwa zamu akakaa apendapo, na wenye watoto wa miaka sita kushuka chini waliingia baada ya kundi la kwanza. Wakeze marafiki zangu waliupenda mtindo huo. Tangu Januari 2026 wameuacha, nao sasa wanagawa viti kama wengine.

Bibi Fatma (saa 3:09 usiku)
Ndege ya kukaa upendapo! Kama matatu ya Bamburi.

Kaka Idarus (saa 3:11 usiku)
Haswa, Bibi, ila hakuna wa kuning'inia mlangoni. Sasa Mwanaisha, ushauri wangu kuhusu kupanda ni tofauti na watakavyokwambia wengi. Tangazo la wenye watoto wachanga likitolewa, usikurupuke. Ndege kubwa huchukua muda mrefu kujaa, na dakika zote hizo Nasri atakuwa amefungiwa mahali pamoja kabla hata magurudumu hayajazunguka. Mwache atembee ukumbini mpaka achoke, mwingie mwisho.

Ami Salim (saa 3:24 usiku)
Idarus, mwanangu, ushauri huo ni wa mtu anayesafiri na mkewe. Wawili hufanya hivi: mmoja hutangulia na mizigo, akaiweka juu ya viti, mwenziwe akabaki na watoto mpaka dakika za mwisho. Mwanaisha ni mmoja. Akiingia mwisho atakuta sehemu za mizigo juu ya kiti chake zimejaa, begi la nepi na maziwa litapelekwa safu nane nyuma, na atakapolihitaji usiku hatakuwa na wa kumwachia mtoto. Aitwapo aende. Tena hapa Mombasa mara nyingi mtu hutembea uwanjani kwa miguu na kupanda ngazi, na ngazi ile haifai kupandwa na mtoto wa miaka mitano akisukumwa na watu wenye haraka. Kigari cha Nasri utakisukuma mpaka karibu na ndege, uwape wapakizi pale, lakini hakikisha kimefungwa karatasi ya alama kaunta, na uulize utakipokea wapi, Nairobi au London, kwa maana majibu hutofautiana na ukidhani tu utakisubiri mlangoni bure.

Kaka Idarus (saa 3:27 usiku)
Hapa Mombasa nakubali, Ami. Kwa Nairobi bado nashikilia langu.

Shangazi Rukia (saa 3:30 usiku)
Idarus, wewe ulipokuja na wanao mwaka juzi uliingia wa mwisho, mkeo ndiye aliyekuwa amebeba kila kitu.

Mwanaisha (saa 3:36 usiku)
Nitatangulia, Shangazi, nimeshaamua. Sasa niambieni kuhusu viti vyenyewe. Nilikuwa nafikiri kuomba vile vya mbele kabisa, vinavyotazama ukuta, ili Nasri apewe kile kitanda kidogo cha kutundika.

Ami Salim (saa 3:58 usiku)
Kitanda kile ni cha wachanga hasa. Kila shirika lina kipimo chake, lakini wengi huishia kilo 10 au 11 hivi, na Nasri ameshapita. Hata angetosha, kila taa ya mikanda ikiwaka mtoto hutolewa akapakatwa, naye aliyekwisha kulala akiamshwa mara tatu ni balaa. Bila kitanda, viti vya ukutani vina hasara ambazo watu hawazioni mpaka wamekaa: meza imo ndani ya mkono wa kiti, kwa hiyo mkono huo haunyanyuki na Salma hataweza kujinyoosha akakulalia. Wakati wa kuruka na kutua huruhusiwi kuweka begi miguuni. Vya mlango wa dharura usivifikirie, wenye watoto hawaruhusiwi.

Chukua safu ya kawaida. Ndege ya Mombasa hadi Nairobi huwa na viti viwili viwili, hapo ni rahisi: Salma dirishani, wewe nje na Nasri mapajani. Ile kubwa ya London kwa kawaida ni vitatu vitatu, nanyi mkienda mna viti viwili. Ukikaa katikati umejifunga, kila ukitaka kumbadilisha Nasri nepi utamwamsha mtu. Kaa wewe kando ya njia, Salma katikati, na dirisha mwachie huyo wa tatu, atalala. Mkirudi mtakuwa na viti vitatu, safu yote yenu.

Na jambo jingine. Ukishachagua viti, vitazame tena siku mbili tatu kabla ya safari. Katika ndege kama ile, juu ya kila kifungu cha viti vitatu kwa kawaida huwa na barakoa nne za hewa, ile ya nne ikiwa ya mtoto wa kupakatwa. Kwa hiyo watoto wawili wa kupakatwa hawawezi kuwa katika kifungu kimoja. Akitokea mama mwingine mwenye mchanga aliyepewa hapo, mmoja wenu lazima ahamishwe, na huhamishwa aliye mwepesi kwao, si mwenye haki zaidi.

Shangazi Rukia (saa 4:06 usiku)
Hilo la barakoa silijui miaka yote hii. Nilidhani wanatuonea tu.

Mwanaisha (saa 4:09 usiku)
Je, niyalipie hayo malipo ya kuchagua viti, au ningoje wanipe bure?

Ami Salim (saa 4:20 usiku)
Kwanza piga simu, useme una mtoto wa miaka mitano, uwaombe wakuweke pamoja bila malipo, wengi hukubali mkiwa tiketi moja. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, kwa mfano, huyaelekeza mashirika kwamba mtoto mdogo akae karibu na mtu mzima wake, na ikishindikana wasitenganishwe kwa zaidi ya safu moja. Huo ni mwongozo, hauwezi kumlazimisha karani wa Nairobi, lakini kuutaja kwa adabu hakudhuru. Wakikataa, lipia ile safari ndefu, hii ya saa moja usiilipie. Mengi hufungua usajili wa safari saa 24 kabla, uwe umeshika simu saa hiyo. Na mfumo ukikukatalia kwa sababu ya mtoto wa kupakatwa, jambo ambalo hutokea, usihangaike nao, nenda kaunta mapema kabla viti vya pamoja havijaisha.

Likiharibika lote na mkajikuta mbalimbali ndani ya ndege, basi omba kwa kutoa. Aliye kando ya njia mpe kiti cha kando ya njia, aliye dirishani mpe cha dirishani. Hakuna atakayehama kutoka dirishani kwenda katikati kwa sababu ya machozi ya mtu.

Kaka Idarus (saa 4:26 usiku)
Ukumbuke pia mkanda wa Nasri. Mhudumu atakupa mkanda mdogo wenye kitanzi, mkanda wako hupita ndani ya kitanzi hicho, kisha ule mdogo humzunguka mtoto tumboni. Usiufunge mmoja mkawamo wote wawili. Huku Marekani hawaruhusu ule mdogo wakati wa kuruka na kutua, mtoto hushikwa kwa mikono tu, kwa hiyo mke wangu alipoupewa mara ya kwanza katika ndege ya kuja Nairobi aliugeuza geuza hajui uingie wapi.

Bibi Fatma (saa 4:31 usiku)
Na masikio? Babu yenu aliniambia masikio huziba.

Shangazi Rukia (saa 4:34 usiku)
Huziba zaidi ndege ikiteremka, Mama. Nasri apewe ziwa au chupa wakati huo, Salma apewe peremende ya kunyonya. Maziwa yake usiogope kuyabeba, mtoto akiwepo huruhusiwa kupita ile mililita 100, ila yatoe kando wayapime.

Mwanaisha (saa 5:40 asubuhi)
Sabalkheri nyote. Nimetoka kuongea na wakala. Alinyamaza kidogo nilipomtajia tarehe 14 Agosti, kisha akasema nimpe nusu saa. Nasri sasa ana kiti cha kurudi katika tiketi ile ile, na tumepewa safu yote ya vitatu bila malipo ya kuchagua. Kwenda nimelipia viwili, 31B na 31C, na nimeandika kikumbusho cha kuvitazama tarehe 17.

Ami Salim (saa 5:44 asubuhi)
Barakallahu. Siku ya safari nitawapeleka mimi. Mtoke Kibokoni saa saba mchana, kwa sababu malori ya Changamwe hayana tarehe.

Mwanaisha (saa 5:52 asubuhi)
Ahsante sana Ami. Salma amesikia habari ya kiti cha katikati na amekasirika. Nimemweleza kwamba usiku nje ni giza tupu, hakuna cha kuona. Amekubali, lakini amesema dirisha la Nairobi ni lake, la kurudi ni lake, na Nasri asiguse pazia.