Huyu jamaa wa kuvuta watu miguu uwanjani nani alimruhusu kugusa binadamu???

Wakuu, mods naomba uzi huu usiunganishwe na mwingine, uachwe hapa hapa, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka.

Jamaa anayechua wachezaji, mnamjua wote. Jina sitaji. Kila timu aliyopita kaacha watu wanachechemea, ana kile kichupa chake cha dawa ya kuchua ukikifungua golini hata kipa wa upande wa pili anapiga chafya.

Jana dakika za mwisho nimeruka kichwa, kushuka nikatua juu ya kiatu cha beki, mguu ukajikunja kwa ndani, nikasikia tap! upande wa nje wa enka. Kuteguka kwa kawaida kabisa, wachezaji wengi wameshapitia. Nimekaa chini nasubiri mtu aniletee bandeji, kifundo kimeshajaa kama nimeficha mpira wa tenisi kwenye soksi. Akaja. Hakuuliza nimeangukaje, hakuuliza panauma wapi. Mkono mmoja kisigino, mwingine vidole, AKAVUTA. Halafu akazungusha kama anafungua koki ya maji!! Timu nzima inaangalia. Nimepiga ukelele ndege wakahama mti. Na yeye kanyanyuka anajipangusa mikono, anasema "imerudi mahali pake, simama uruke, mengine hayo ni uoga."

Imerudi kutoka wapi jamani? Mfupa haukwenda popote! Kilichoumia ni ligamenti, ni kama kamba iliyokatika nyuzi kadhaa, sasa wewe unaivuta ili ibaki na nyuzi ngapi? Siku 2 au 3 za mwanzo huchui, hukandi na maji moto, unafunga bandeji, unainua mguu juu, unaanza kuukanyagia taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Basi. Yeye ANAVUTA.

Leo nimeenda kwa fizio wa kweli, mtaalamu wa tiba ya viungo. Kashika mguu wangu kama kashika yai. Kabonyeza kwa kidole nyuma ya ile mifupa miwili inayotokeza pembeni, akabonyeza pia unyayo wangu, akaniambia tembea hatua 4. Nimetembea huku machozi yananitoka ila nimezimaliza, akasema kwa dalili hizi eksirei haina haja. Hatua 4 tu wakuu! Yule alitaka NIRUKE. Kanipa na mazoezi, sasa hivi kuchora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, baadaye kunyanyuka kwa vidole, halafu kusimama mguu mmoja macho nimefumba, maana enka ikishateguka mara moja ni rahisi kuteguka tena, usipoirudishia balansi utakuwa mgeni wake kila msimu. Na huyu huyu ndiye aliyefuta yale mazoezi ya FIFA ya kupasha misuli na kupunguza majeraha, yale ya 11+, dakika 20 tu, eti yanachosha wachezaji!

Mbele ya timu nzima. "Imerudi mahali pake." Sijalala.

winga_teleza: Pole mkuu ila ule ukelele sisi wa upande wa pili tulijua mmesawazisha, tukaanza kulaumiana

mwenye uzi: @winga_teleza wewe cheka, siku akikushika wewe kisigino utanikumbuka

beki_mstaafu: Vijana wa siku hizi laini sana. Sisi tulikuwa tunaweka barafu tunamaliza mechi

goti_bovu: @beki_mstaafu ndio maana leo unashuka ngazi kinyumenyume mzee wangu. Barafu inatuliza maumivu tu, haiponyi. Hata Dr Gabe Mirkin aliyeleta ile kanuni ya pumzika na barafu mwaka 1978 alikuja kuandika mwenyewe 2014 kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona

beki_mstaafu: Nashuka hivyo kwa kupenda

goti_bovu: Mwenye uzi wewe una afadhali, mimi nimefanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele ya goti, fizio kasema kabla ya miezi 9 nisifikirie mechi na hata ikifika nipimwe kwanza nguvu za paja zote mbili, mwezi wa 5 tu baada ya upasuaji kocha ananipigia "njoo hata dakika 15." Goti langu au la mama yake?

mama_mbio: Bora hao wanaowagusa. Fizio wangu ananifunga waya za mashine kwenye paja anaenda kuchati, nusu saa, anarudi "tuonane wiki ijayo." Miezi mitatu! Nimebadilisha, huyu mpya kaniweka chini kwa magoti, mtu kanishikilia visigino, najishusha mbele polepole, yaani misuli ya nyuma ya paja ilinikumbusha dhambi zote, ila sasa nakimbia bila misuli kunikamata

winga_teleza: @mama_mbio kumbe wewe ndiye unayegugumia pale pembeni ya uwanja asubuhi

mama_mbio: Nisome vizuri, sikukuita

kipa_namba2: Samahani natoka nje ya mada, kuna mtu hapa aliazima magongo yangu tangu msimu uliopita, anajijua, jana nimemuona anacheza namba 9

goti_bovu: Kama ni yule wa viatu vya njano, mimi namdai kifunga goti

winga_teleza: Na mimi soksi