Naomba ushauri: muziki wa okestra kwa filamu bubu ya vichekesho

Wakuu, habari za jioni. Naandika muziki wa okestra ndogo, wapigaji 12, kwa One Week, filamu bubu ya mchekeshaji Buster Keaton (1920). Nimekwama mwishoni: nyumba ya wanandoa imenasa relini, treni inakuja, kumbe inapita reli ya pembeni. Mke na mume wanashusha pumzi, mara treni nyingine inatokea upande wa pili na kuisambaratisha nyumba.

Nimejaribu ngoma na tarumbeta kwa kila kishindo, ikawa kama katuni. Nikajaribu kimya, mke wangu akadhani spika imekufa.

Je, treni ya kwanza niipandishie muziki mpaka kileleni, au niache fidla moja tu? Na kondakta ataendaje sambamba na picha ukumbini bila metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) sikioni?