Monaro kuitwa GTO: kosa lilikuwa jina au bei?

SWALI: Mwaka 2004 Pontiac, chapa ya magari ya Marekani, ilianza kuuza huko GTO mpya, jina la gari lake maarufu la 1964. Kiuhalisia lilikuwa Monaro, gari la chapa ya Holden ya Australia, lililoundwa kiwandani Elizabeth. Je, lilistahili jina hilo?

DALALI: Lilistahili. GTO ya 1964 nayo ilikuwa Tempest LeMans, Pontiac ya kawaida, iliyotiwa injini ya inchi za ujazo 389. Hili lilikuja na injini ya LS1 ya lita 5.7, nguvu farasi 350. Mwaka 2005 likapewa LS2 ya lita 6.0, farasi 400. Mnataka nini tena?

MSHABIKI: Sura! Ya 2004 boneti tambarare, ekzosi zote mbili zimebanana upande wa kushoto. Unatoa zaidi ya dola 30,000, halafu jirani anauliza umenunua gari gani. Mpinzani wake, Ford Mustang GT ya 2005, ilianzia kama dola 25,000, na ilijulikana toka ng'ambo ya barabara. Matundu ya boneti yaliongezwa 2005, wateja wameshanuna.

FUNDI: Mnabishania bati. Kuhamisha stelingi toka kulia kwenda kushoto ilikuwa kazi ndogo. Tangi ndilo lililoleta shida. Kwa kanuni za ajali za Marekani lilitolewa chini ya sakafu na kuwekwa ndani ya buti, nyuma ya kiti. Buti likaisha.

Anayelinunua leo apitishe kidole ubavu wa ndani wa matairi ya mbele. Akikuta mfereji, tairi linasuguana na shokapu. Mara nyingi ni mpira wa juu wa shokapu umechoka, na bushi za fimbo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma zimevuja (zina majimaji ndani). Badilisha vyote, kushoto na kulia, ndipo upige alaimenti. Ukianza na alaimenti, hela imeenda.

DALALI: Na spea?

FUNDI: Za injini tele, LS1 na LS2 zilifungwa pia kwenye Corvette. Ogopa kugonga mbele. Pontiac ilifungwa 2010, Holden ikaacha kuunda magari Australia Oktoba 2017. Bampa na taa utazisaka.

MSHABIKI: Hoja yangu bado ipo. Nchi za Ghuba gari hilohilo liliitwa Chevrolet Lumina Coupe, Uingereza Vauxhall Monaro, wala halikubebeshwa jina la marehemu wa mtu. Pontiac wenyewe, walipoleta Commodore, gari jingine la Holden, mwaka 2008, waliiita G8.

DALALI: G8 ina milango minne, ndugu yangu. Ungeiita GTO?